Mwalimu au Mganga? Uhakiki wa Maoni ya Washabiki wa Kandanda

Neno uhakiki likitajwa shuleni, mawazo ya wanafunzi hukimbilia riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi. Hilo si kosa, lakini halijakamilika. Uhakiki unaofanywa na watu wengi zaidi katika nchi yetu haufanywi darasani, wala haufanywi juu ya vitabu. Hufanywa Jumatatu asubuhi katika mabaraza ya kahawa, mbele ya meza za wauza magazeti, ndani ya mabasi na, hatuna budi kukiri, katika ofisi za serikali kabla faili la kwanza halijafunguliwa. Mhakikiwa ni kocha wa mpira. Nani alipangwa, nani aliachwa, nani aliingizwa zikiwa zimebaki dakika kumi, na kwa sababu gani: haya hujadiliwa kwa bidii ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angefurahi kuiona kwa wanafunzi wake.

Katika makala haya tumekusudia kuyatazama maoni hayo kama tunavyoyatazama maandishi ya fasihi. Tutaitazama lugha yake, tutazipima hoja zake, kisha tutauliza kama yana haki ndani yake. Hatukusudii kuwacheka washabiki, kwani sisi wenyewe tumo katika kundi hilo tangu utoto, na huko mbele tutaeleza kosa tulilolitenda kwa kalamu yetu.

Haki ya kusema

Kwanza yafaa tukubaliane kwamba mshabiki wa nchi hii ana haki ya kusema. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, hata ilipofika mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Tangu asili hizi hazikuwa timu za tajiri mmoja anayeuza tiketi kwa wateja. Zilikuwa vyama vya watu. Mwanachama alilipa ada, akapewa kadi, akapiga kura ya kuchagua viongozi, na akihisi mambo yanakwenda mrama aliinuka mkutanoni akasema. Mgogoro ndani ya Yanga katikati ya miaka ya 1970 ulifika mahali pa kuzaa timu nyingine kabisa, Pan African, mwaka 1976. Hata hivi karibuni, klabu hizi zilipoamua kuingia katika mfumo wa hisa, msingi uliowekwa ni kwamba wanachama wabaki na 51 kwa mia.

Kwa hiyo mtu anapomlaumu kocha barazani, asidhaniwe kuwa ni mpita njia anayepiga domo juu ya nyumba isiyomhusu. Ni mmoja wa wenye nyumba. Swali letu basi si kama aseme au anyamaze. Swali ni namna anavyosema, na kipimo anachokitumia.

Mwalimu na mganga

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Kiswahili kimelikopa neno kocha, na limekaa vizuri. Lakini washabiki na wachezaji hulitumia pia neno letu la zamani zaidi: mwalimu. Tunasema, “Mwalimu amempanga fulani,” tunasema timu “inafundishwa” na fulani. Neno hili halikuchaguliwa na kamati yoyote. Lilitoka kwa watu walioona kwamba kazi ya kukusanya vijana kumi na mmoja na kuwafanya watende jambo moja kwa nia moja ni kazi ya kufundisha.

Sasa tutazame namna mwalimu wa shule anavyopimwa. Mzazi mwenye busara hampeleki mtoto darasa la kwanza Jumatatu, akadai Ijumaa asome gazeti. Hujua kwamba elimu ina mihula yake, kwamba mtihani mmoja waweza kuharibika kwa homa ya siku moja, na kwamba mtoto aliyekuja bila daftari hawezi kuandika. Mganga hupimwa vingine. Mgonjwa analetwa usiku, na kukipambazuka ama ameinuka ama hakuinuka. Akiinuka, mganga husifiwa mpaka kijiji cha pili. Asipoinuka, jamaa humbeba mgonjwa wao wakatafuta mlango mwingine, wala hawaulizi dawa ilikuwa gani.

Hapo ndipo ulipo mgongano mkubwa katika maoni ya washabiki wetu. Kwa mdomo wanamwita kocha mwalimu, lakini katika kuhukumu wanamchukulia kuwa ni mganga.

Mifano ya karibu

Tutoe mfano ambao kila msomaji anaukumbuka. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba magoli matano kwa moja. Siku mbili baadaye Simba iliachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Robertinho. Huyu ndiye aliyekuwa na Simba mwezi Aprili mwaka uleule ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika na kutolewa na Wydad ya Casablanca kwa mikwaju ya penalti. Ndiye aliyekuwa nayo mwezi Agosti ilipotwaa Ngao ya Jamii mbele ya Yanga hiyohiyo, pia kwa penalti. Baada ya yale magoli matano, barazani kwetu hatukusikia mtu akiyataja hayo. Waliokuwa wakisema “mwalimu ana mbinu” mwezi Agosti, sasa walisema hajawahi kujua mpira.

Upande wa pili wa mtaa kulikuwa na sherehe. Miguel Gamondi wa Argentina alionekana kuwa bingwa wa mabingwa, na msimu ule Yanga ikachukua ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Shirikisho la nyumbani. Ikafika pia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya mechi mbili zisizo na goli. Mwanzoni mwa Novemba 2024 Yanga ilifungwa na Azam goli moja kwa bila, kisha ikafungwa na Tabora United matatu kwa moja. Kabla ya mwezi kwisha, Gamondi naye alikuwa amekwisha kuondoka. Tangu siku ya magoli matano ulikuwa umepita mwaka mmoja na siku chache tu.

Hatusemi kwamba viongozi wa klabu hizo hawakuwa na sababu zao, kwani mwenye faili ndiye ajuaye kilichoandikwa ndani. Tunayoyapima hapa ni maoni ya barazani. Nayo, katika mifano yote miwili, yalikuwa na hoja moja tu: timu imefungwa. Ujuzi wa mtu hauwezi kukauka kwa juma moja kama kisima cha kiangazi. Ikiwa Gamondi alikuwa anajua mwezi Mei, basi alikuwa bado anajua mwezi Novemba, na ilikuwa juu ya mhakiki kutafuta ni nini kingine kilichobadilika: miguu ya wachezaji, majeruhi, wapinzani waliokwisha kuujua mchezo wake, au hata makosa yake mwenyewe yanayoweza kutajwa moja baada ya moja. Kusema “tumefungwa, kwa hiyo hajui” ni sawa na mwanafunzi kuandika kwamba riwaya ni mbaya kwa sababu shujaa amekufa.

Hoja inayopimika

Maoni ya washabiki hata hivyo si povu tupu. Yapo yenye uzito, na ni kazi ya mhakiki kuyatenga kama apetaye nafaka.

Tuchukue mechi ya Taifa Stars na Zambia iliyochezwa San Pedro, Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku nne kabla tulikuwa tumefungwa na Morocco matatu kwa bila, na kocha Adel Amrouche alikuwa amesimamishwa baada ya maneno yake juu ya shirikisho la soka la Morocco kumletea adhabu. Mzalendo Hemed Suleiman akakabidhiwa timu katikati ya safari. Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi uwanjani kwa kadi nyekundu. Ushindi ambao ungekuwa wa kwanza katika historia yetu ya fainali hizo ulikuwa mkononi. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, akafunga kwa kichwa. Mechi ikaisha moja kwa moja.

Kesho yake tulisikia maoni ya aina mbili. Mmoja alisema, “Kocha hana bahati.” Mwingine alisema, “Tulirudi nyuma mno wakati wao ni kumi. Tukawaachia mpira, na ukimwachia mtu mpira, kona zitakuja tu.” Kauli ya kwanza haina pa kushikwa, maana hakuna awezaye kuithibitisha wala kuikanusha. Ya pili ni uhakiki halisi. Inataja uamuzi, inataja wakati, inaonyesha uhusiano wa sababu na tokeo. Mwenye kuipinga anaweza kujibu kwamba wachezaji walikuwa wamechoka, au kwamba anayeongoza goli moja huwa na haki ya kulilinda. Mjadala unaweza kwenda mbele.

Hata hiyo kauli ya pili inahitaji jaribio moja zaidi. Tumuulize msemaji: kama kichwa kile cha Daka kingepaa juu ya mwamba, ungesema nini? Kama jibu lake ni “bado ningesema tulikosea kurudi nyuma,” basi huyo ni mhakiki. Kama angesema “mwalimu ameonyesha akili ya kulinda ushindi,” basi hakuuhukumu uamuzi wa kocha hata kidogo. Aliuhukumu mpira wa kona.

Katika miaka ya 2006 hadi 2010, Mbrazili Marcio Maximo alipoifundisha Taifa Stars, taifa zima lilishughulishwa na swali la golikipa Juma Kaseja, ambaye kwa muda mrefu hakuitwa katika kikosi ingawa washabiki wengi walimwona kuwa ndiye bora nchini. Katika swali lile washabiki walikuwa na ushahidi. Walimwona golikipa huyo wiki baada ya wiki katika viwanja vya nyumbani, na waliweza kumlinganisha na wenzake. Maximo naye hakukosa la kujivunia, kwani alitufikisha katika fainali za CHAN za mwaka 2009. Wote wawili waweza kuwa na sehemu ya haki. Funzo tunalolipata ni kwamba mshabiki ni shahidi mzuri wa kile kilichotendeka mbele ya macho yake, lakini si shahidi wa mambo ya kambini. Na kocha asiyeeleza sababu, hata kidogo, huwaachia watu nafasi ya kuzitunga.

Kuna jambo la tatu linalosahauliwa mara kwa mara. Kocha hupika kwa vilivyomo jikoni. Aendaye sokoni ni mwingine. Usajili wa wachezaji, mishahara, safari na kambi huwa mikononi mwa viongozi. Kelele za “kocha aondoke” zinapozidi, kiongozi aliyenunua mboga zilizooza hupata kivuli cha kujifichia. Humwondoa mpishi, watu hushangilia, na kesho mpishi mpya hukabidhiwa kapu lilelile. Mshabiki mwenye kadi angepaswa kuuliza habari za kapu kwanza, kwa kuwa hilo ndilo analoweza kulipigia kura.

Utani na mipaka yake

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba tunayachukulia kwa uzito maneno ambayo ni utani tu. Ni kweli kwamba Simba na Yanga ni watani wa jadi, na utani ni hazina ya utamaduni wetu. Kwa utani makabila yaliyokuwa yakipigana yaliweza kuzikana na kufarijiana. Lakini utani una sheria. Sheria yake ya kwanza ni kwamba mtaniwa awe na uwezo wa kujibu. Mshabiki wa Simba akichekwa kwa magoli matano ya 2023 au ya 1968, hukumbusha yale sita ya mwaka 1977, na mambo yakawa sawa.

Kocha hana mtani. Mara nyingi ni mgeni asiyeijua lugha yetu. Akiwa mwenyeji, mdomo wake umefungwa na kazi: hawezi kutoka barazani kusema mchezaji yupi ni mlevi, yupi hakulala kambini, yupi hakulipwa. Tukimwimba naye asiweze kuimba, huo si utani tena. Sheria hii humbana kocha pia. Mwaka 2020 Yanga ilimwondoa Mbelgiji Luc Eymael kwa maneno ya kuwadhalilisha washabiki, na ilifanya vema, kwa sababu mwenye kuitwa mwalimu anawajibika kuwa na ulimi wa mwalimu.

Kosa letu

Tuliahidi kueleza kosa letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya wilaya. Timu ya wilaya ilifika mechi ya mwisho ya mashindano ya mkoa. Kocha wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeifundisha kila jioni bila malipo. Siku ya mechi alimwacha nje mshambuliaji ambaye mji mzima ulimtegemea. Hakumwingiza hata dakika moja, wala hakutoa sababu. Tukafungwa goli moja.

Usiku uleule tulitunga shairi la beti saba. Jumatatu tulilipiga chapa kwa mashine ya ofisi, tukalibandika ukutani karibu na soko. Kufika Ijumaa watoto walikuwa wakiliimba nje ya dirisha la yule mwalimu. Baada ya mwezi mmoja aliacha kuifundisha timu, na kwa misimu miwili timu haikuwa na mtu.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye alikuja mezani kwetu mwananchi kufuatilia hati ya kiwanja. Alikuwa ndiye yule mshambuliaji. Tulipokumbushana ya zamani alicheka kidogo, kisha akasema, “Bwana, ile mechi nilianguka kifafa Alhamisi yake, mazoezi yalipokwisha. Alikuwapo Mwalimu peke yake. Nikamwomba asimwambie mtu, maana nilikuwa natafuta kazi, na mwenye kuajiri alikuwa mjumbe wa kamati ya timu.”

Tulimtafuta mwalimu. Alikuwa amekwisha kustaafu, anaishi kwake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Tulianza kuomba radhi. Hakutuacha tumalize. Aliingia ndani akatoka na daftari kuukuu, na ndani yake shairi letu lote limenakiliwa kwa hati safi ya ubaoni. “Vina vyako vizuri,” alisema, “ila ubeti wa tatu, mstari wa pili, mizani ni kumi na tano.” Tulikuwa tumeandika:

Mwalimu huyu hajui, timu aua bure.

Juu ya neno “aua” alikuwa ametia herufi moja kwa penseli, likasomeka “aiua.” Tulihesabu kwa vidole. Ilikuwa kweli. Miaka yote tulijisifu kwa shairi lile, na hatukuwahi kuuhesabu mstari huo.

Tukamuuliza kwa nini hakutujibu wakati ule. Akasema, “Jibu halikuwa langu. Lilikuwa la yule kijana.” Kisha akatuuliza habari za watoto.

Kazi ya shule

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu tunaamini kwamba shule zetu zinaweza kulitumia jambo hili. Mwanafunzi anayeona uvivu kuandika insha ya uhakiki hana uvivu wa kuzungumzia mpira. Mwalimu na aanzie hapo alipo mwanafunzi.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Kabla ya mechi kubwa, iwe ya timu ya shule au ya taifa, kila mwanafunzi aandike katika karatasi kikosi ambacho angekipanga yeye na sababu ya kila uamuzi. Karatasi zitiwe katika bahasha na zifungwe. Baada ya mechi zifunguliwe, kila mmoja asome yake mbele ya wenzake, na asibadilishe neno. Watagundua wenyewe ni mara ngapi walimpanga mchezaji yuleyule ambaye sasa wanamlaumu kocha kwa kumpanga. Kisha waandike upya, wakieleza kocha alikuwa na nini mkononi, alijua nini saa ile, na ni uamuzi gani wangeulaumu hata kama timu ingeshinda.

Wanafunzi hao ndio watakaokuwa wanachama wenye kadi, wajumbe wa kamati, maofisa na viongozi. Wataletewa mbele yao si makocha tu, bali wauguzi, mameneja, walimu na watendaji wa vijiji, na watatakiwa kuamua kama wabaki au waondoke. Aliyezoea kupiga kelele kwa sababu ya goli la dakika ya 88 ataamua mambo hayo kwa kelele. Aliyezoezwa kuhesabu atahesabu kwanza.

Nasi tangu siku ile, kila tunapotaka kumsema mtu kwa maandishi, huhesabu mizani mara mbili.